Kwa Chola, mupishi ya bukari ya bazungu

Mbuzi yangu,

Barua ya muntu mwenye alisoma inaanzaka na "nina heshima kubwa ya kukuandikia." Mimi nilisoma myaka ine kwa bapadri, najua bile bintu muzuri. Lakini heshima yangu niliisahau zamani ndani ya trenu ya Sakania, na hata kama ningekuwa nayo hapa mufukoni, tangu lini chui anaheshimu mbuzi? Pokea salamu tu. Ni mimi Mwape, ule ulikuwa unamuitaka Chui bila meno. Najua wewe kusoma hukujua. Tafuta huko malaika mwenye anajua, umuambie asome polepole, na akifika fasi ya kucheka acheke, asijifanye mutakatifu.

Nianze na kilio yako, juu wewe ulilala pale katikati ya nyumba na hukuona kitu.

Chola, bantu balikuja! Kambi yote ya kampani ilisimama mbele ya mulango yako. Bamama balileta bunga, makala, samaki ya Kasenga, sijui baliitoa wapi, hii wakati ya vita yenye barabara yote imefungwa. Na sisi bantu ya ukoo ya chui, batani ya ukoo yenu ya mbuzi, tukafanya kazi yetu. Desturi unaijua: mbuzi akikufa, bandugu yake banalia, sisi njo tunaosha, tunachimba, tunachekesha. Sipendi kujisifu (unacheka? cheka tu), lakini hakuna muntu hapa Lubumbashi mwenye alishaona kilio ya kuchekesha kama yako. Nilivaa kofia yako. Nilitukana miguu yako. Niliuliza bibi yako Filomena, mbele ya bantu yote, kama alikubali kuolewa na wewe juu ya ile uso ao juu ya nyumba ya kampani. Filomena alicheka, machozi inamuingia ndani ya kinywa.

Lakini kukuosha, hapo sikucheka.

Ulikuwa mwepesi. Wewe mwenye ulikuwa unabebaka mufuko ya amiante (Bangereza banaiita asbesto) kwa bega moja ukiimba, nilikugeuza kama shuka. Na katikati ya bidole yako nilikuta bile bivimbe bidogo, bigumu, fasi nyuzi ya amiante ilikuwa inaingia ndani ya ngozi na kubakia. Nilitaka uende musafi. Nilisugua na sabuni, nilisugua, nilisugua, mpaka muzee mwenye alikuwa anashika maji akaniambia, "Mwape, acha. Ile iko yake, ataenda nayo." Nikaacha. Nikaficha mikono yangu ndani ya maji, juu mimi pia niko na bile bivimbe.

Sasa njia ya makaburi. Bajandarme, basoda ya hii serikali mupya, balikuwa bameweka mapipa katikati ya barabara, na juu ya fito ile bendera mupya, ya misalaba ya shaba. Jandarme moja, bunduki inamupita urefu, anasema tufungue sanduku. Eti bantu banapitishaka silaha ndani ya masanduku. Filomena akashika sanduku na mikono yote ibili. Unanijua: mimi nilishapita Mokambo, nilishapita Ndola, nilishasema na bapolisi ya Bangereza mpaka bakanipa moto ya sigara. Nikasogea, nikamunong'oneza, "Chef, fungua tu. Lakini ujue, huyu muntu anakohoaka."

Akaniangalia. Akaangalia sanduku. Akarudi nyuma mbio, mukono kwa kinywa: "Pitisha! Pitisha haraka!"

Chola, tulicheka mpaka kaburi. Bachimbaji bakauliza kama tunazika muntu ao tunaoa.

Tuliporudi bakadai mwisho ya desturi: chui aige maiti, ili bantu bamuone mara ya mwisho mbele ya kutawanyika. Nikakaa kwa kiti yako. Nikashika muti ya kukorogea, nikakoroga pipa yenye haiko, nikaimba ile wimbo yako mubaya. Bamama bakapiga kelele, "Ni yeye! Ni yeye mwenyewe!" Halafu nikafanya kikohozi yako. Ile yenye inaanzaka chini kama muntu anakokota sanduku juu ya simenti, inapanda, inasimama, inanyamaza kabisa, halafu inaanguka na ngazi yote. Niliifanya muzuri sana. Batoto yako balianguka chini na kicheko. Kunda, mudogo yako, alipiga makofi.

Kisha nikataka kuacha. Ikakataa.

Mimi niliacha kuiga, kikohozi ikaendelea. Na bantu bakaendelea kucheka, juu banajua Mwape anajua kazi yake. Nilinyosha mukono baache, bakafikiri njo sehemu ya muchezo. Filomena peke yake alisimama. Akaleta maji, akaniangalia vile alikuwa anakuangaliaka wewe. Nilitema ndani ya kitambaa, nikachungulia, nikakunja. Nikasema, "Mumeona? Hata kikohozi yake nimeriti!" Bakacheka tena. Filomena hapana.

Mbuzi yangu, tukumbushane, labda huko banasahaulishaka bantu. Unakumbuka siku ya kwanza pale atelier ya boilere, ile karakana ya matangi ya mvuke? Kazi ilikuwa kufunga mabomba ya moto ili moto isitoke. Mufuko inapasuliwa, unga nyeupe inamwangwa ndani ya pipa, maji kidogo, unakoroga na muti, halafu unamalizia na mikono mpaka inashikana. Ni mimi niliitoa ile jina, bukari ya bazungu, juu ilifanana na ugali, muntu asikudanganye. Na wewe njo ulikuwa mupishi. Kapita, musimamizi yetu, alisema hakuna mwenye anakoroga laini kama Chola. Tulikula chakula yetu tukikaa juu ya ile mifuko. Saa ya mapumziko tulilala juu yake, tukaiita matela ya kampani. Tablie yako, ile aproni ya nyuzi ya amiante, ikichafuka ulikuwa unaitupa ndani ya moto, unaitoa nyeupe kama ya padri, bageni banashangaa, mimi nakusanya sigara kwa bale benye balibisha.

Bazungu ya atelier balikuwa banasimama mbali, kitambaa kwa pua. Sisi tulisema: banaogopa harufu yetu. Tulicheka nayo myaka yote ile. Hata tulikuwa tunabasogelea kusudi.

Na nani angeogopa? Moshi ya fonderie, fasi banayeyushaka shaba, inachoma macho, muntu anakimbia. Hii haikuchoma, haikunuka. Asubuhi jua ikipita kwa dirisha unaona bunga inacheza ndani ya mwangaza, polepole, muzuri kuangalia. Kapita alisema, "Iko jiwe tu, balilisaga. Jiwe haina sumu." Bile bintu bibaya binakufukuzaka. Hii ilitukaribisha.

Mimi nilitoka pale kwa mudomo yangu. Nilisema mingi mpaka bakachoka, bakanitupa inje kwa mavago, kufunga na kufungua minyororo kwenye njia ya trenu. Mvua inanipiga, jua inanichoma, wewe ulikuwa unanichekelea kutoka ndani: "Chui, paa ya manjanja iko huku, kuja ujifiche!"

Halafu ile siku ya docteur. Nilikusindikiza juu Kifaransa yako ilikuwa ya kuomba chumvi tu. Akaweka picha ya kifua yako kwa taa. Akasema kansere ya mapafu. Akauliza, "Unavuta sigara mingapi?" Nikakutafsiria. Ukasema hujavuta hata moja, uliogopa mama yako. Akauliza tena, kama muntu mwenye anajua unamudanganya. Ukasema, "Muambie mimi nilikulaka bukari ya bazungu tu." Nikamuelezea: pipa, unga, mabomba. Docteur akaweka kalamu chini. Akaangalia dirisha, nje hakuna kitu. Hapo nilijua, hata mbele afungue kinywa.

Akasema ile nyuzi iko kidogo kupita macho. Inaingia ndani ya mapafu na muntu hasikii kitu. Haiozi, haitoki. Inakaa ndani myaka na myaka, inangoja, na siku muntu alishasahau, kansere inatoka. Na kama muntu anavuta tumbako juu yake, ni kumwanga petroli juu ya moto. Mimi nilikuwa nasimama pale kwa mulango na sigara nyuma ya sikio. Nikaitoa polepole, nikaitia mufukoni.

Wewe hukuuliza dawa. Uliuliza, "Na bale benye banaanza leo?" Docteur akasema inafaa balowanishe unga mbele ya kuipasua, bafunike pua muzuri na bintu bya kweli, babadilishe nguo. Ukauliza, "Nani atabapa?" Hiyo nilimutafsiria pia. Akazima taa ya picha.

Pale kwa baraza ya hospitali, ukipumua kama pampu ya baisikeli ya zamani, ulinishika kola: "Chui, ndugu yangu Kunda asitie mukono ndani ya ile pipa. Niapie." Nikaapa. Nikaongeza muzaha, sikumbuki gani, ulikuwa mubaya. Hukucheka.

Basi sikia vile ilikuwa.

Mbabula, jiko ya makala ya kilio, ilikuwa bado na moto, kapita akafika. Alivua kofia, simusemi mubaya, naye alitumwa. Akasema: nyumba iko ya kazi, haiko ya muntu. Kama bantu ya Chola banatoa mikono ya kuingia fasi yake kwa pipa, mama na batoto banabakia. Kama hapana, mwisho ya mwezi banatoka. Kutoka kwenda wapi? Kwa kijiji yenu, mbele ya Kasomeno? Kamyo haziendi, na zenye zinaenda hazirudi yote. Filomena aliangalia kuta kama muntu anaangalia mugonjwa.

Kunda akasimama palepale. Unajua ile magazini, duka ya Mugreki, fasi alikuwa anafanya kazi, ilifungwa, Mugreki alipanda ndege na funguo mufukoni. Ilibakia bintu bibili: kwenda jandarme, ao pipa. Akasema, "Yaya, mukubwa yangu, alilisha bantu na ile pipa. Mimi nani nikatae?" Bantu bakamusifu. Filomena akalia na furaha.

Nilimuvuta pembeni. Nikamuambia yote, Chola, mimi, Mwape, bila muzaha hata moja. Nyuzi, docteur, picha, kiapo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akitabasamu, anangoja fasi ya kucheka. Alipoona haifiki akanipiga bega: "Chui, kilio imekwisha. Acha basi michezo."

Nikamuambia kwa Mungu. Akasema, "Hata kwa jandarme ulisema kwa Mungu."

Hii njo malipo ya muntu mwenye anachekesha bantu. Siku unasema kweli, banangoja kicheko. Nilienda kwa Filomena, naye akasema kwa upole, "Shemeji, usimuogopeshe, kazi iko moja tu." Nilienda kwa bazee ya ukoo yako, bakasema chui anataka kumukatalia mbuzi majani, bakacheka, bakanipa munkoyo ya kunywa.

Basi nikaacha kusema. Mbele ya yote nikarudi kwa docteur, juu ya kifua yangu. Usinifanye mutakatifu, nilitaka kujua kwanza. Akaweka picha yangu kwa taa ileile. Iko kivuli pale, mukono ya kushoto, kama punje ya muhindi. Akaanza kuzunguka na maneno, nikamuambia, "Docteur, niko muntu wa kutembea, sema tu kituo." Akasema.

Halafu akaniuliza kitu mubaya kupita ile kivuli. "Nguo yenu ya kazi, nani alikuwa anafua?"

Nikaona Filomena pale kwa mulango, kila magaribi, anashika salopeti yako ya kazi kwa mabega, anaikung'uta, pa, pa, pa, unga inaruka nyeupe ndani ya jua, batoto yako banarukaruka chini yake wakishika, na wewe kwa kiti unasema, "Mama, usimwange bunga!"

Nikavaa shati. Nilisema tu asante.

Kutoka pale nilienda moja kwa moja kwa kapita. Nikamuambia: pipa inataka mikono, haitaki jina. Andika Kunda kwa fasi ya yaya yake ili nyumba ibakie, lakini mutume kwa mavago, mimi nirudi kwa pipa, mimi najua kukoroga. Kapita akaniangalia kama mwenda wazimu. Bantu benye joto ya boilere ilibachosha banatoa mbuzi na kuku ili batoke mule ndani, huyu anaomba kuingia. Nikamuambia nimechoka na mvua. Akacheka, akakubali.

Na Kunda, unajua anafikiri nini? Anafikiri nilimuibia fasi yake. Fasi ya yaya yake, chini ya manjanja, na mimi nimemutupa kwa mvua. Ananuna. Tukipitana anasalimia kofia yangu tu. Aliambia bantu kama chui ni chui, hata kaburi ya mbuzi haijakauka alishakula. Mimi namuitikia, "Ee, ilikuwa mutamu!" Bantu banacheka. Leka achukie, mapafu yake iko inje, inapigwa na upepo. Chola, kile kiapo nilikishika. Kunda hakugusa pipa.

Ningekomea hapa, ingekuwa barua muzuri. Lakini sijawahi kukudanganya, isipokuwa ile mambo ya Bulawayo.

Filomena ananipikiaka, vile desturi inataka. Juzi nilikuwa nakula, nikasikia anakohoa kule nyuma. Kidogo. Mara moja, kisha tena. Ile yenye inaanzia chini. Nikauliza. Akasema, "Ni moshi ya mbabula, shemeji." Nikatoka inje kuangalia. Mbabula ilikuwa ilizimika, majivu imepoa.

Nimemuambia twende kwa docteur. Anasema bado, bunduki inalia upande ile, batoto watabakia na nani. Na mimi nikisisitiza anafikiri... unajua anafikiri nini. Anangoja fasi ya kucheka. Mutoto yako ule mudogo alishajua kuiga kikohozi yetu, yote ibili, yako na yangu, bantu banamupa karanga. Sikumukataza.

Sitakufariji. Docteur alisema yenye imeingia imeingia. Hakuna sabuni yake. Ile unga ilikaa ndani ya nyumba yako kama mugeni wa myaka, na sisi njo tulimubebea mizigo.

Lakini sikia kitu moja ninafanya. Kila magaribi, kazi ikiisha, navua salopeti palepale kwa atelier. Naosha kichwa, naosha mikono kwa robine, bomba ya maji, mpaka kapita ananifokea maji. Nguo naiacha ndani ya pipa ya maji. Na mimi, Mwape, mwenye alitembea Ndola na koti ya mistari, napita katikati ya kambi yote na kaputula ya ndani peke yake, kifua wazi, mpaka kwa mulango yako kula bukari ya kweli. Sentinele, mulinzi ya kambi, anapiga filimbi. Batoto wananifuata na ngoma ya mikebe. Bamama banafunika macho na bidole wazi. Banasema chui hajamaliza kilio ya mbuzi yake. Banasema huzuni ilimupanda kichwani. Leka baseme. Nitapita hivyo na jua, nitapita na mvua, nitapita na jandarme na basoda bageni ya kofia ya bluu benye banatupigania juu ya vichwa, mpaka miguu ikatae. Hakuna tena punje moja ya ile unga yenye mimi nitaingiza kwa mulango yako. Hiyo njo ahadi. Iko ndogo. Sina ingine.

Nitakuja kukusomea hii pale kwa kaburi, kama malaika yako alikuwa mujinga.

Lala sasa, Chola. Usinitayarishie kitanda haraka, lakini usifunge mulango. Na unajua vile iko: chui akikufa, ni zamu ya mbuzi kuosha, kutukana, na kuiga. Ilikuwa kazi yako, umenikimbia. Itakuwa Kunda. Atavaa kofia yangu, atapita na kaputula ya ndani mbele ya bantu, atachekesha muzuri, juu anachukia muzuri. Halafu watamudai kikohozi yangu, naye ataifanya.

Wewe uko karibu na Mungu kunipita. Muombe kitu kimoja tu: Kunda akimaliza kuiga, kikohozi ikubali kumuacha.

Chui yako, hata meno haina,
Mwape